Poda Iliyosongwa Ugali

Siku ya ndoa yangu nilipakwa unga wa muhogo usoni, nami nikadhani ni poda. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu wajukuu wangu wakiniomba niwasimulie harusi yangu hawataki habari za ng'ombe wa mahari wala za mahubiri ya mchungaji. Wanataka unga. Basi niwape unga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Kwetu ni Susuni, na nyumbani tulilima mtama na wimbi na kufuga ng'ombe. Msichana wa kwetu akitaka kung'aa alijipaka samli. Samli ina harufu yake, na inzi wanaijua harufu hiyo kutoka mbali, lakini ngozi ilikuwa laini na sikumbuki mtu aliyewahi kulalamika. Mama alikuwa na kibuyu kidogo cha samli ya kujipaka, mbali na ile ya chakula, na ole wako ukichanganya.

Aliyeleta habari ya poda ni mama mdogo, mdogo wake mama. Alikuwa ameolewa Nkende, karibu na boma la Tarime, na mumewe alifunga vidonda katika zahanati. Kwa sababu hiyo alijiona mtu wa mjini. Alivaa viatu hata akienda kuchota maji.

"Huyu anafunga ndoa kanisani," alimwambia mama. "Kanisani hawaendi na samli."

"Mungu anachagua mafuta?" mama akauliza.

"Mungu hachagui. Watu wa Nkende ndio wanaochagua."

Mama akacheka, na mimi nikajua poda imeshapita. Moyoni nilifurahi sana. Bwana harusi wangu alikuwa seremala wa Nkende. Nilikuwa nimemwona mara tatu tu, na mara zote tatu alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa kuongea polepole na kucheka kwa sauti kubwa. Nilitaka anione nikiwa mzuri kuliko nilivyo.

Wiki mbili kabla ya harusi nilikwenda kulala kwa mama mdogo, na siku ya gulio akanipeleka kwa muuza poda. Nakumbuka jinsi alivyokuwa nadhifu. Alikuwa na kofia ya kahawia, shati lililopigwa pasi, na baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma. Sanduku lilifunguka kama kabati, na ndani yalipangwa makopo ya poda yenye picha ya ua jekundu, sabuni za kunukia, vioo vidogo na mafuta ya nywele. Hakuwa mtu wa kwetu. Watu walisema alitokea upande wa ziwa, wengine wakasema Kenya. Kila mwanamke alimwita shemeji.

"Shemeji, huyu ndiye bibi harusi?" alimwuliza mama mdogo kabla hatujasema neno. "Basi nusa hapa."

Akazungusha mfuniko wa kopo, vitundu vikafunguka, akanipulizia kidogo kiganjani. Ilinukia kama bustani ya wamisionari baada ya mvua. Kweli ilinukia. Sitamsingizia. Mama mdogo akafumba macho, akavuta pumzi, akatoa pesa kwenye pindo la nguo yake. Tulirudi nyumbani nikiwa nimelikumbatia lile kopo kama mtoto mchanga.

Asubuhi ya harusi mama mdogo alinipaka mwenyewe. Alinipaka usoni, shingoni, mabegani na mikononi, kisha akawapaka wasindikizaji wangu wawili, kisha akajipaka yeye, na kopo likawa linakaribia nusu. Tulipotazamana tulikuwa weupe kama watu waliotoka kubeba chokaa. "Itatulia," alisema. "Poda huwa inatulia."

Kutoka kwake hadi kanisani ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na jua lilikuwa kali. Tulikwenda tukiimba. Wanawake wa Susuni walikuwa mbele wakipiga vigelegele, vumbi linapanda, na mimi katikati chini ya shela la kuazima. Karibu na kijito nikaanza kutoka jasho. Poda haikutulia. Ilianza kushikana. Nilipojipangusa kwenye kidevu, kidole kilirudi na kitu kinachonata kama gundi.

"Usijiguse," mama mdogo alininong'oneza.

"Inavuta."

"Uzuri unavuta. Tembea."

Ndani ya kanisa kulikuwa na ubaridi, na huko yale yaliyolowa yakakauka. Nilihisi uso wangu wote unabanwa, kama ngozi ya ngoma inapowambwa. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu. Nilikaa kwenye benchi ambalo bwana harusi wangu mwenyewe alikuwa amelitengeneza, na sikuthubutu kusogeza hata nyusi. Lakini mchungaji aliponiuliza kama namkubali mtu huyu, ilibidi nifungue mdomo.

"Ndiyo," nikasema, na shavu la kushoto likapasuka.

Nilisikia kipande kikianguka juu ya gauni. Bwana harusi akainua shela, akanitazama, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Alijikaza. Aliuma midomo hadi machozi yakamtoka, na watu wa nyuma wakadhani ni mapenzi. Mwishowe akaniinamia sikioni akasema, "Usijali. Mimi nina vumbi la mbao, wewe una la kwako. Tutafanana."

Hapo nilicheka, nisijizuie tena. Na nilipocheka, uso wote ulipasuka kama tope la mto Mara wakati wa kiangazi.

Tulipofika nyumbani kwao, mama mkwe wangu alikuwa mlangoni kutupokea. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho yanayoona kila kitu, na nilikuwa namwogopa kwa sababu hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu." Akanishika kidevu. Akanigeuza huku, akanigeuza kule. Kisha akakwangua kidogo shavuni mwangu kwa ukucha, akanusa, na mbele ya watu wote akaweka kwenye ulimi.

Uwanja mzima ukasogea.

"Muhogo," akasema.

"Ni poda, dada," mama mdogo akajitetea. "Ya kopo. Ina ua."

"Nimepika ugali wa muhogo tangu sijaota meno ya nyuma. Huu ni muhogo, umechekechwa kwa kitambaa, ukatiwa marashi." Akaniangalia tena usoni, kisha akawatazama wasindikizaji wangu, kisha mama mdogo aliyekuwa anabanduka vipande vipande usoni, na kicheko kikamshinda. Alicheka hadi akashika nguzo ya nyumba. "Wameniletea mkwe aliyeungwa unga! Bado kusongwa tu!"

Watu wakaangua kicheko. Wazee walicheka, vijana walicheka, mama yangu mzazi alicheka kuliko wote, maana alikuwa ameushinda ubishi wa samli bila kusema neno. Mimi nililia kidogo, halafu nikacheka nikiwa bado nalia. Mbuzi mmoja alikuja akanilamba mkono, akarudi tena kwa mwingine, na hapo hata mchungaji akalazimika kukaa chini.

Mtu mmoja tu hakucheka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa amesimama na mtoto wake wa kike wa miezi mitano mgongoni. Alikuwa amekuja kwao kujifungua, na alikuwa bado hajarudi kwa mumewe. Nilimwona anamteremsha mtoto taratibu.

"Mama," akasema, "kopo langu lina ua jekundu."

Akafunua shingo ya mtoto. Katika mikunjo ya shingo, na kwapani, na mapajani, ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka, na ilitoa harufu chachu. Kwa wiki tatu alikuwa akimpaka poda ili akauke, na kila vidonda vilipozidi, alizidisha poda. Alidhani ni joto.

Kicheko kiliisha palepale. Mama mkwe alimchukua mjukuu wake, akamwangalia, uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Maji ya uvuguvugu." Mimi ndiye niliyekuwa karibu na jiko la nje, basi nikakunja mikono ya gauni na kwenda kuyaleta. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile, nikiwa na shela kichwani na ukoko usoni, ilikuwa kushika beseni wakati mtoto anaoshwa. Tulimwosha polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine, tukamkausha kwa kitambaa laini. Mume wa mama mdogo akakimbia zahanati, akaleta dawa. Mama yangu akatoa kile kibuyu chake cha samli, akamwuliza yule bwana kama kinafaa, naye akasema subirini kwanza vidonda vifunge. Mama akasubiri, lakini kibuyu alikiacha pale.

Mama mkwe alipomaliza, maji yaliyobaki alinioshea uso mimi. Aliniosha kwa viganja vyake mwenyewe. "Kumbe kuna msichana humu ndani," akasema, na watu wakarudi kwenye ngoma.

Siku nne baadaye lilikuwa gulio. Bibi harusi mpya kwa desturi hakuzurura, lakini mama mkwe aliniita asubuhi, akanipa sufuria.

"Utabeba hii. Wifi yako atabeba mtoto. Mimi nabeba mwiko."

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Kopo moja la harusi yako lina nusu. La wifi yako lina robo. Tunakwenda kumpikia mgeni."

Njiani wanawake walituuliza tunakwenda wapi na vyombo vya jikoni, naye akawajibu kila mmoja vilevile, tunakwenda kumpikia mgeni. Tulipofika tulikuwa kundi.

Muuza poda alikuwa mahali pake, kofia ya kahawia, sanduku wazi. Mama mkwe alifika kwa heshima zote. Yule bwana akamwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika marahaba, akamwuliza habari za safari, habari za nyumbani, habari za baiskeli. Kisha akapanga mawe matatu mbele ya sanduku lake, akawasha kuni alizotoka nazo nyumbani, akateleka maji.

"Mama, hapa ni mahali pa biashara," yule bwana akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Hii ni biashara. Nataka kujua poda yako."

"Poda inapakwa, mama. Haipikwi."

"Ndiyo maana nataka kuona."

Maji yakachemka. Alichukua kopo langu, akang'oa kifuniko chenye vitundu kwa ncha ya kisu, akamimina. Alianza kusonga. Wengi wenu mnajua jinsi muhogo unavyoshika: kwanza unakuwa kama maziwa, halafu unakuwa kama kamasi, halafu ghafla unaushikilia mwiko. Kundi likasogea. Akaongeza kopo la wifi, akageuza, akakandamiza, akapiga mwiko ukingoni. Akabinua sufuria juu ya sahani. Palikuwa na bonge la ugali mweupe unaong'aa, dogo kama ngumi mbili, likinukia maua.

Sijawahi kusikia gulio zima likicheka kwa pamoja isipokuwa siku ile. Muuza ndizi alilala chali juu ya ndizi zake.

Mama mkwe akakata tonge, akalibonyeza kidole gumba katikati kama inavyotakiwa, akamnyooshea. "Karibu chakula. Sisi huku hatumwachi mgeni na njaa."

"Mama, mimi nimekula."

"Onja tu. Mboga hatuna, lakini marashi yapo."

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Wanawake walikuwa wamemzunguka kama uzio. Akala. Alitafuna kwa muda mrefu sana, na macho yakamtoka, kwa sababu marashi, watoto wangu, si kiungo.

Tarishi wa chifu, aliyekuwa akisimamia gulio, akaja na fimbo yake. Alitaka kumfunga mikono ampeleke baraza apigwe viboko. Vijana wakashangilia. Mama mkwe akamsimamisha.

"Ukimchapa, atapona mgongo, kisha ataenda kuuza Musoma. Mimi nataka afungue sanduku."

Kisha akamgeukia yule bwana, na sasa hakuwa anacheka. Akamwita wifi asogee, akafunua shingo ya mtoto. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka lakini bado vilionekana.

"Ulijua kwamba wanawapaka watoto?"

Yule bwana akavua kofia. "Mama, nilidhani ni unga tu. Unga haumdhuru mtu."

"Unga ukikaa na jasho unachacha. Hivyo ndivyo tunavyotengeneza pombe. Wewe umepika pombe shingoni mwa mjukuu wangu."

Nilimwona akimtazama yule mtoto, na mtoto, kwa sababu hakujua lolote, akamchekea na kunyoosha mkono aikamate kofia. Nadhani hilo lilimwumiza kuliko fimbo yoyote. Akapiga magoti kando ya sanduku, akaanza kueleza mwenyewe bila kuulizwa. Makopo matupu aliyanunua kwa wapishi na mayaya waliofanya kazi kwenye nyumba za wazungu. Unga aliuchekecha mara tatu kwa kitambaa cha shela. Juu kabisa aliweka tabaka la poda halisi, ile ya kunusisha. Sabuni zilikuwa za kweli. Makopo mengine pia yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa machache, na aliyachanganya na yale mengine.

"Basi tutayatenganisha," mama mkwe akasema.

Tulikaa pale hadi jua likaanza kuteremka. Kila kopo lilitolewa kijiko kimoja kutoka chini kabisa, kikatiwa kwenye maji ya moto. Poda halisi haikushika. Ilielea juu kama vumbi, maji yakabaki maji. Ya muhogo iliganda. Kila kopo lililoganda, kundi lilipiga kelele, "Imeiva!" na kila lililobaki maji, wakaitikia, "Haiivi!" na kupiga vigelegele. Mume wangu alitoka kwenye karakana yake kuja kuona kelele ni za nini, akamkuta mkewe wa siku nne amekaa juu ya jiwe, masizi hadi kwenye viwiko, anakoroga. Alikwenda kutuletea kuni nyingine.

Waliokuwa wamenunua walibadilishiwa, aliyetaka kopo la kweli akapewa kopo, aliyetaka sabuni akapewa sabuni. Makopo ya muhogo yalimwagwa, kuku wa gulio wakashiba. Tarishi akamwambia yule bwana asionekane tena Nkende. Mama mkwe akasema, "Aonekane. Lakini aje na sufuria yake."

Hakuna aliyeamini kwamba angerudi. Mimi sikuamini. Miezi ikapita, mvua zikanyesha, tukapalilia. Halafu siku moja ya gulio nikasikia sauti ninayoijua ikipaa juu ya watu: "Poda yangu haiivi! Njoo uone, shemeji, poda yangu haiivi!" Alikuwa yeye, kofia ileile, sanduku lilelile, na pembeni jiko la mkaa na sufuria inayochemka. Alipomwona mama mkwe aliinama, akampa kijiko kwa mikono miwili. Mama mkwe akachagua kopo mwenyewe kutoka chini kabisa ya sanduku, akatia, akakoroga, akangoja. Maji yakabaki maji. Akamrudishia kijiko na kumwuliza habari za nyumbani. Baada ya hapo aliuza kuliko zamani, na wauzaji wengine wakaona aibu kuja bila sufuria.

Mama mkwe akawa mtu wa kuulizwa. Watu walimletea mafuta ya nywele yaliyochanganywa na mshumaa, sabuni zisizotoa povu, marashi yaliyokuwa maji ya rangi. Walikuja kutoka Susuni na vijiji vya ng'ambo ya mto, hata Nata. Alinusa, alisugua kati ya vidole, aliyeyusha juani. Hakuwa amesoma hata darasa moja. Alisema tu kwamba kitu chochote ukikiuliza kwa subira kitakuambia kilitengenezwa na nini. Na mimi nilikaa naye, nikawa namwangalia mikono.

Siku moja alikuwa shambani, akaja mwanamke wa makamo kutoka Matongo. Alikuwa ametembea siku nzima na kulala njiani kwa jamaa zake. Kwenye kikapu alibeba kopo moja la poda lililofungwa kwa kitambaa. Mwanawe alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu, na hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza alichomnunulia mama yake kwa mshahara wake. Kwa miezi miwili hakulifungua. Aliogopa.

"Nikijipaka nikaharibika ngozi, atajua," akasema. "Nisipojipaka, atajua pia. Mama yuko wapi?"

"Ameenda kupalilia," nikajibu. "Lakini maji naweza kuchemsha."

Alinitazama juu hadi chini, msichana mwenye tumbo la mimba ya kwanza, akasita. Halafu akanipa. Niliteleka maji. Nikafungua, nikachota kijiko kutoka chini, nikatia, nikakoroga polepole, na sote wawili tukainama juu ya sufuria hadi vichwa vyetu vikagongana. Mvuke ukapanda. Poda ikaelea. Nikakoroga tena, nikangoja tena, nikanyanyua kijiko juu. Yakadondoka maji matupu.

"Haiivi," nikamwambia.

"Sema tena."

"Mama, haiivi. Mwanao amekununulia poda ya kweli."

Yule mama akarusha kitambaa chake hewani, akaanza kucheza pale pale uani, mabega yakipanda na kushuka, miguu ikipiga vumbi. Wifi akatoka ndani kuona kuna nini, naye akavutwa. Yule mama akalichukua kopo lake, akalizungusha kifuniko, akanipaka mimi shingoni, akampaka wifi, akajipaka yeye mwenyewe mashavu yote mawili, na tulipokuwa tunacheza tukaona mama mkwe anarudi kutoka shambani na jembe begani, amesimama kwenye uzio, anauliza ni harusi ya nani.